Ngazi ya Ilala

Jumamosi tulikuwa tunarudi Kigamboni na ndoo ya vibua tuliyojaza Feri. Pantoni ilikuwa imejaa: bajaji, baiskeli za mikaa, wanafunzi wa twisheni. Katikati ya maji mwanangu mkubwa akaniuliza: "Mama, mbona ukiwa kwenye pantoni unamshika Baba shati? Tukishuka unamwachia."

Nikatazama mkono wangu. Ni kweli, vidole vilikuwa vimekunja pindo la shati la baba yake mpaka likaingia makunyanzi. Mwenzangu hakusema kitu, alikuwa anatazama meli ya mizigo ikiingia bandarini. Nikamwambia mtoto nitamweleza nyumbani. Nyumbani nikaparua samaki.

Ile safari yetu mnaijua. Miezi mitatu ya mwaka 2013, mabegi mawili mgongoni, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Zambia. Na maneno ya ukoo mnayajua: pesa ya kiwanja inaishia kwenye nauli, na kuzunguka nchi za watu na begi mgongoni ni mambo ya Wazungu. Basi la Mbeya, mpaka wa Kasumulu, daraja la mto Songwe, Karonga, Mzuzu, Nkhata Bay, hayo yote nimeshayasimulia. Jambo ambalo sijawahi kulisimulia ni ngazi.

Meli iliyotuchukua Nkhata Bay inaitwa Ilala. Mimi mtoto wa Ilala, nimekulia nyuma ya soko la Mchikichini, sasa nasimama nchi ya watu naliona jina la nyumbani limeandikwa kwenye meli. Abiria mmoja, mwalimu, akatueleza kwamba Ilala hiyo ni ile ya Zambia, alikofia Livingstone mwaka 1873. Hapo nikakumbuka darasani. Huko ndiko Chuma na Susi, watumishi wake, walikoanza kuubeba mwili wake, wao na wenzao, kwa miguu, mpaka Bagamoyo. Nikamwambia mwenzangu, ukoo wakituuliza tena habari ya mizigo mgongoni tutawajibu kwa Chuma na Susi. Alicheka sana. Nakumbuka kile kicheko kwa sababu ndicho cha mwisho kwa siku kadhaa.

Meli yenyewe ni kongwe, iliundwa Scotland ikaletwa vipande vipande, ikaanza kazi ziwani mwaka 1951. Chini magunia ya mahindi, kuku, watoto wamelala juu ya mafurushi ya usipa, ambao ni dagaa wa huko, wenye harufu ileile ya Kariakoo. Sisi tulilala sitaha ya juu, tumetandika kanga. Mwaka ule habari za mpaka wa ziwa zilikuwa redioni kila siku, sisi tunasema Nyasa, wenzetu wanasema Malawi. Usiku ule hakuna aliyetaja jina lolote kati ya hayo. Watu walisema nyanja tu, yaani ziwa.

Niseme wazi kwamba sijui kuogelea na maji yananitisha. MV Bukoba ilizama 1996 nikiwa mtoto, nikawaona watu wazima wa mtaa wetu wanalia mbele ya redio. Spice Islander 2011. Skagit 2012, iliyoondoka hapahapa bandarini kwetu. Nilipanda Ilala kwa sababu mwenzangu aliniambia, "Tutakuwa wote." Basi.

Kisiwa cha Likoma tulifika usiku wa manane. Hapakuwa na gati. Meli inasimama mbali na ufuko, boti ndogo zinasogea ubavuni, nawe unateremka kwa ngazi. Upepo wa mwera ulikuwa umevuma tangu jioni, na ile boti ilikuwa inapanda, inashuka, inagonga ubavu wa meli, inaondoka, inarudi. Unangoja ipande ndipo uachie mguu. Mwenzangu akatangulia ili apokee mabegi. Begi la kwanza, akalipokea. La pili, akalipokea. Nikageuka, nikashika ngazi ya juu kwa mikono miwili. Chuma kilikuwa baridi, kimelowa.

Nyuma yangu palikuwa na mama mdogo mdogo, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, na yule wa mkononi alikuwa anatetemeka. Nafasi zilikuwa zimebaki chache. Nikatoka kwenye ngazi nikampisha. Sikufikiri. Akashuka, akapokelewa watoto, boti ikajaa. Nikamwona mwenzangu ameinua uso, tochi ya kichwani inanimulika machoni. Nikasema neno. Naye akasema neno, upepo ukalichukua. Kisha boti ikasukumwa.

Nilibaki nimeshika chuma naangalia ile tochi. Ilikuwa inapotea kila wimbi linapoinuka, halafu inaonekana tena mbali zaidi. Nikaanza kuhesabu: nikifika kumi bila kuiona nitapiga kelele. Mara moja nilifika tisa. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye begi, pesa kwenye begi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwenye begi. Nilikuwa na kanga mbili na simu isiyo na mtandao. Lakini wala si hivyo vilivyoniuma. Nilikuwa najiuliza kwa nini hakupanda ngazi akarudi.

Bibi mmoja mwenye kapu akaja akasimama kando yangu. Akanishika kiganja, akasema, "Usaope, mwana wanga." Hakuna aliyenitafsiria, na sikuhitaji. Hakuuachia mkono wangu mpaka boti iliporudi, kama dakika arobaini baadaye, na ndiye aliyenitanguliza kwenye ngazi. Sikumuuliza jina. Hilo nalijutia mpaka leo.

Ufukoni kulikuwa kunapambazuka. Mwenzangu alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, suruali imelowa. Akasema, "Nilijua utakuja na inayofuata." Nikachukua begi langu.

Tuliliona kanisa kuu la Likoma, lile kubwa la mawe walilolijenga Waanglikana kwenye kisiwa kidogo namna ile, tukaketi benchi moja bila kusemezana. Kisha Cobué, Lichinga, Harare, maporomoko ya Mosi-oa-Tunya tukalowana kama vifaranga. Tulirudi na TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi hapa, na ni kwenye treni ndipo tulipolizungumza kwa mara ya kwanza. Akasema, "Wewe mwenyewe ulisema nenda." Nikasema sikusema. Tukaachia hapo. Kila tulipoligusa baadaye tuliishia palepale, ulisema, sikusema, na watoto walipokuja hatukuligusa tena.

Jumamosi usiku mtoto alidai jibu lake. Kabla sijafungua mdomo baba yake akasema, "Mama anaogopa maji." Mtoto akaridhika, akaenda kulala.

Taa zilipozimwa nikamuuliza, baada ya miaka yote hii, "Hivi kweli nilisema nenda?"

Alikaa kimya hata nikadhani amelala.

"Nilisikia nenda," akasema.