Kabati la Vitabu Lililoyumba, na Namna Nilivyolisimamisha Upya

Kabati letu la vitabu lilifika nyumbani likiwa ndani ya boksi moja bapa lenye uzito wa kilo 34, na hiyo ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya kulinunua. Tunaishi ghorofa ya tatu jijini Dar es Salaam, ngazi zetu ni nyembamba na zina kona kali, na kabati la mninga nililolitamani kule Keko lisingepita bila kukatwa. Hili lilikuwa la chipbodi, yaani chembe za mbao zilizochanganywa na gundi na kushindiliwa mpaka zikawa ubao. Urefu wake ni sentimita 180, upana 80 na kina 30. Rafu ya katikati inafungwa kwa skrubu, na nyingine nne zinalala tu juu ya vishikizo vidogo vya chuma.

Nililiunga jioni moja kwa muda wa saa mbili, nikalisimamisha na kulijaza vitabu. Asubuhi yake nilikuta limeinama upande wa kushoto, na nilipoliegemeza kiganja begani lilikwenda na kurudi kama mlango usio na komeo. Nikachukua bisibisi na alenki, yaani kile kifunguo cha pembe sita kilichopinda, nikakaza kila skrubu kwa nguvu zangu zote. Skrubu mbili zilianza kuzunguka bure ndani ya matundu yake, na kabati likazidi kuyumba kuliko mwanzo.

Mtaani kwetu yupo seremala mzee ambaye ametutengenezea vitanda na meza. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akapanda ngazi taratibu akiwa na futi peke yake mkononi. Hakugusa skrubu hata moja. Aliniambia nitoe vitabu vyote, kisha nishike ncha ya futi kwenye kona ya juu kushoto, naye akaivuta hadi kona ya chini kulia. Halafu tukapima kona mbili zilizobaki. Mshazari wa kwanza ulikuwa sentimita 196.4, wa pili 197.6.

“Mama, hapa huna mstatili,” alisema. “Mbao zako zote zina urefu sahihi, lakini pembe zimekimbia. Ukikaza skrubu sasa, unakaza kosa.”

Nilikuwa nimeamini kwamba uimara wa kabati unatoka kwenye skrubu, na kwamba ule ubao mwembamba wa mgongoni, hadibodi ya milimita 3, umewekwa ili ukuta usionekane. Mzee alinionyesha kinyume chake. Mbao nne zilizofungwa kwenye kona zinaweza kuinama pamoja pasipo hata moja kubadilika urefu, kwa sababu kila kona ni kama bawaba ngumu kidogo, na skrubu yenye urefu wa sentimita tano haina mkono mrefu wa kuzuia ubavu wa karibu mita mbili usilale. Hadibodi, nyembamba vile ilivyo, haikubali kuvutwa kimshazari. Ikipigiliwa kingo zote nne, ndiyo inayoshika pembe zisikimbie. Mimi nilikuwa nimeipigilia misumari kumi tu, kabati likiwa tayari limepinda, kwa hiyo niliugandisha upinde ule ule kwa mikono yangu.

Tulilifungua lote. Nilisikitika kuona matundu mawili yale yalivyoharibika, kwani ndani yake chipbodi ilikuwa imesagika kama makombo ya mkate. Skrubu zake ni zile nene za milimita 7 kwa 50, zenye kichwa kinachoingia alenki, na uzi wake mpana umekusudiwa kuuma chembe za ubao. Ukipitiliza nusu mzunguko, zile chembe hukatika na hakuna kitakachouma tena. Mzee aliyapanua matundu kwa keekee ya milimita 10, akagongea ndani yake vipande vya kijiti cha mbao ngumu vilivyopakwa gundi nyeupe ya mbao, akaniagiza nisiviguse hadi kesho yake. Baada ya hapo nilitoboa upya katikati ya vijiti kwa keekee ya milimita 5, nikaingiza skrubu kwa mkono, polepole. Matundu hayo mawili leo yanashika kuliko mengine.

Mara ya pili nililiunga likiwa limelala kifudifudi juu ya mkeka, mgongo ukitazama juu. Vijiti vya mbao vinavyolinganisha viungo nilivipaka gundi kidogo, jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulitaja, na ambalo naliona la lazima kwa mtu asiyetarajia kulifungua tena kabati lake. Kisha nikaziingiza skrubu zote bila kuzikaza. Vifungio vya duara vilivyozama ndani ya ubao, ambavyo huvuta pini ya chuma ya ubao wa pili, nilivizungusha kiasi cha kuuma tu, nikihakikisha kwanza kwamba mshale wake unaelekea kwenye pini inayoingia, maana kikianza upande usio wake kinazunguka bila kuivuta pini. Nikapima mishazari, nikasukuma kona ya mshazari ulio mrefu, nikapima tena, mpaka namba zote mbili zikawa 197. Hapo ndipo nilipokaza, kwa alenki fupi ya mkononi na si kwa mashine, nikasimama pale kichwa cha skrubu kilipolingana na uso wa ubao. Hadibodi niliipigilia mwisho kabisa, nikianzia kona moja na kufuata kingo zake zilizonyooka, msumari kila sentimita 10, pamoja na mstari mmoja uliopita kwenye rafu ya katikati.

Kuhusu bisibisi, naomba kusema neno moja. Vichwa vingi vya zile skrubu ndogo zisizo za alenki, ukivitazama kwa makini, vina mistari minne midogo katikati ya mikono ya msalaba. Hivyo vinataka bisibisi ya aina ya PZ2. Ile ya nyota ya kawaida huteleza na kukwangua kichwa, nawe ukadhani ni mkono wako dhaifu.

Kabati lilisimama wima bila kuyumba, lakini kazi haikuishia hapo, kwa kuwa nina mtoto wa miaka mitatu anayepanda kila kinachopandika. Nchini Marekani ilibidi itungwe sheria mwaka 2022 kuhusu makabati ya nguo yanayoangukia watoto, na kabati la vitabu halina tabia tofauti mtoto anaponing’inia kwenye rafu ya tatu. Niliomba ruhusa ya mwenye nyumba, nikatoboa ukuta ili nilifunge kabati kwa vyuma vya pembe.

Kikwazo kilikuwa vigae vinavyozunguka chini ya ukuta, ambavyo viliacha nafasi ya zaidi ya sentimita moja nyuma ya kabati, hivyo niliweka kibao cha unene huo huo kati ya ukuta na vyuma vya pembe ili skrubu isiuvute mgongo ukapinda. Lipu ya ukuta wetu ina unene wa karibu sentimita 2 na inamomonyoka. Fisha, yaani kile kizibo cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani, ikiishia ndani ya lipu pekee hutoka na kipande cha ukuta. Nilitoboa kwa keekee ya milimita 8 hadi vumbi jeupe likageuka la kijivu, dalili kwamba nimeingia kwenye tofali, nikaongeza sentimita 4, nikapuliza vumbi lote kabla ya kusukuma fisha. Nilitumia mbili, mbali na mstari unaopanda wima kutoka kwenye soketi ya umeme. Vyuma vyenyewe nilivifunga kwenye ubao mzito wa juu, kamwe si kwenye hadibodi.

Vitabu vizito, kamusi na majalada ya ofisini, nimevipanga rafu ya chini. Rafu hiyo pekee ilifika kilo 22 nilipoipima kwa mizani. Chini ya miguu ya mbele nimeweka vipande vya plastiki vya milimita 3 ili kabati liegemee ukuta kidogo. Karatasi ngumu ingelowa kila tunapopiga deki. Kwa sababu hiyo hiyo nimeziba kingo za chini kwa silikoni, maana chipbodi ikinywa maji huvimba, na skrubu iliyomo kwenye ubao uliovimba haina tena mahali pa kushika.

Sasa imetimia miezi 18. Nimekaza skrubu mara moja tu, mwezi wa pili baada ya kuliunga, robo mzunguko kila moja.