Gari la spoti la wikendi kwa laki saba, hapa kwetu Mombasa

Ukitaka gari la spoti la kujifurahisha wikendi na unaishi Mombasa, anza kulikagua chini. Nguvu za injini, rangi, rimu na mlio wa ekzosi vitasubiri. Riziki yangu mimi ni AC na friji za mahoteli, kuanzia Nyali hadi Shanzu, na kila siku naona upepo wa bahari unavyokula chuma. Kondensa, ile sehemu ya AC inayotoa joto nje, ikifungwa upande wa ufuoni, mapezi yake ya alumini hugeuka unga. Ukiyagusa kwa kidole yanamomonyoka. Maungio ya bomba la shaba hufanya ukijani. Mashine ya aina hiyohiyo, ukiifunga upande wa pili wa jengo, nyuma ya ukuta, inadumu miaka mingi zaidi. Basi na gari linalolala nje mtaa wa pili kutoka baharini linapigwa na upepo uleule, usiku na mchana.

Gari la kazi ninalo, Probox, nalo limejaa mitungi ya gesi na ngazi. Hili lingine ni la Jumapili. Mama watoto aliridhia laki saba, akasema isizidi hata mia. Mimi nikazigawa papo hapo: laki sita za kununulia, laki moja ya kutengeneza. Gari la umri huu halikosi la kudai mwezi wa kwanza, na mwenye kumaliza pesa zote siku ya kununua ndiye unayemwona ameliegesha nyuma ya nyumba likisubiri spea. Masharti yangu yalikuwa gia za mkono, AC inayopuliza baridi, na spea ninazoweza kuzipata bila kuagiza Japani.

Watu wengi hudhani kwa sababu tuko na bandari, magari mazuri tunayaokota Kilindini. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Swift Sport mpya yenye turbo, ile ZC33S iliyotoka 2017, ingenifaa sana: kilo 970 tu na injini ya 1.4. Lakini ukijumlisha ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16, bei inaondoka mikononi mwa mtu wa laki saba. Toyota 86 vilevile, naipenda ila si ya pesa yangu. Na mwenye pesa za 86 aulize kuhusu zile za 2012 na 2013, ambazo mwaka 2018 ziliitwa kurudishwa kwa ajili ya springi za vavu. Atake ushahidi kama kazi ilifanywa, na nani aliifungua injini.

Kwa hivyo nilitafuta gari lenye namba za Kenya tayari. Hapo mwaka wa kutengenezwa haunitishi. Ninachouliza ni limeishi wapi. Gari la 2006 lililokaa Nakuru au Eldoret linaweza kuwa na chuma kizima kuliko la 2012 lililolala Bamburi. Na hata Japani kwenyewe kuna chumvi: kule Hokkaido barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari linafika kwetu likiwa limeshaanza kuliwa. Muuzaji akiwa bado ana karatasi ya mnada ya Japani, iombe. Kwenye ule mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni chuma kilicholika. Herufi A, mikwaruzo, isikupotezee muda.

Vijana wote niliowauliza walinijibu Subaru. Nawaelewa. Impreza WRX ina turbo, inasukuma magurudumu yote manne, na hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anaujua mlio wake. Ila WRX ya bei yangu imeshapita mikononi mwa watu wengi ambao nao walikuwa wakitafuta raha. Moja nilikwenda kuiona Bamburi. Bomba za turbo zilikuwa si zake, waya zimeungwa kwa selotepu chini ya dashibodi, na mwenyewe hajui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Mkanda wa EJ20, injini ya hiyo WRX, ukikatika, vavu zinakutana na pistoni, na hapo tena unatafuta injini. Nikamshukuru, nikaondoka.

RX-8 niliiangalia kwa macho tu. Injini ya rotari ina sili kwenye ncha za rota. Zikichakaa mgandamizo unapotea na gari linagoma kuwaka likiwa la moto. Kuupima mgandamizo huo kunataka kipimo chake maalumu, na fundi wangu wa Magongo hana.

Iliyoninyima usingizi ni Toyota MR-S. Injini iko katikati, nyuma ya viti, uzito kama tani moja, paa la turubai. Tena injini yenyewe ni 1ZZ, ileile iliyomo kwenye Allion na Wish, kwa hivyo ukienda Mwembe Tayari hukosi spea. Niliikuta Kizingo, ya mwaka 2000, rangi ya fedha, imeoshwa ikang'aa. Najua 1ZZ za miaka ile ya mwanzo huanza kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na vichujio vya moshi vilivyo karibu na injini vikivunjikavunjika unga wake hurudi ndani ya silinda. Hayo nilikuwa tayari kuyahangaikia. Nilipolala chini na tochi, nikaiona fremu ya nyuma inayobeba sasipensheni. Rangi nyeusi ilikuwa mbichi. Nikabonyeza kwa bisibisi, ikaingia. Mtu alikuwa amepaka rangi juu ya kutu ili mnunuzi aone weusi mzuri. Wallahi niliumia, maana usukani wa gari lile ulikuwa mtamu. Lakini fremu hiyo ndiyo inayoshika magurudumu ya nyuma, na mimi nina watoto.

Mwisho nikaangukia Suzuki Swift Sport, ZC31S ya 2008. Wengi wanaipita barabarani wakidhani ni Swift ya kawaida ya kwenda sokoni. Injini yake ni M16A, 1.6, farasi 125, na haivuti vizuri mpaka uizungushe. Nguvu zote zinapatikana karibu na mizunguko 6,800. Taimingi yake ni ya cheni, si mkanda. Gia tano za mkono, breki za diski hata nyuma, uzito kilo 1,060 hivi. Iliyofuata, ZC32S, ina gia sita na farasi 136, na kama pesa yako inafika, ichukue hiyo. Faida kubwa ya Swift kwetu ni kwamba zile za kawaida zimejaa Kenya nzima, basi vitu vingi vidogovidogo vinapatikana, na fundi haogopi kuifungua.

Mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa Tudor, mstaafu. Gari lilikuwa la kijana wake aliyekuwa akifanya kazi Nakuru, ameondoka nchini, likaletwa Mombasa na kulala ndani ya gereji. Nilimpigia usiku kumwomba asiliwashe asubuhi. Nilipofika, kabla ya salamu kwisha, mkono wangu ulikuwa juu ya boneti: baridi. Injini ikiwa ya moto huficha mambo mengi.

"Mzee, naomba ruhusa niliinue."

"Inua, mwanangu. Na ukimaliza tazama pale kwenye gurudumu la akiba, maji yaliwahi kuingia kupitia taa ya nyuma."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Nikalipandisha kwa jeki, nikaweka stendi pande zote mbili, nikaingia. Nikagonga kingo za chini ya milango kwa mpini wa bisibisi, inchi kwa inchi, kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinajibu kwa sauti kavu. Kilicholiwa kwa ndani kinajibu butu, na penye puti ya kuzibia unasikia kama umegonga ubao. Kwenye matundu ya kutolea maji, yaliyo chini ya kingo hizo, nikapitisha waya mwembamba: matatu yalikuwa wazi, moja limeziba kwa mchanga, nikalizibua ukamwagika mchanga mkavu. Mkavu ni habari njema. Nikafuata bomba za breki kwa kidole mpaka nyuma. Nikainua zulia la buti, nikaliona tundu la gurudumu la akiba lina kutu ya juujuu, ya kusugua kwa msasa, na mpira mpya wa taa umeshawekwa.

Halafu ndani. Mkanda wa kiti uvute wote, mpaka mwisho. Gari lililozama kwenye mafuriko, na masika ya hapa mnayajua, huoshwa viti na mazulia, lakini mstari wa tope hubaki kwenye ile sehemu ya mkanda inayojificha ndani ya nguzo. Wa gari hili ulikuwa safi. Sumaku niliyoifunga kitambaa ikashika bodi yote isipokuwa mahali penye puti, ukubwa wa kiganja cha mkono, karibu na gurudumu la nyuma kushoto, na mzee akanieleza kijana alikwaruzana na matatu. AC, hiyo ni kazi yangu, nikaitolea hukumu mwenyewe: kondensa ina mapezi yaliyopinda kwa mawe lakini hayajageuka unga, na kipimajoto nilichokichomeka kwenye tundu la katikati kikashuka mpaka nyuzi 8. Gia ya pili ikakwaruza kidogo injini ikiwa baridi, ikanyamaza baada ya kilomita chache. Hilo nililisema wazi wakati wa bei. Alitaka laki sita na nusu, tukashikana mikono kwenye laki sita. Nambari ya chasisi tukaisoma pamoja na kuilinganisha na logibuku, jina la mwenye gari nikalihakikisha kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya pesa kutembea.

Sasa raha yenyewe. Jumapili baada ya alfajiri natoka Nyali, napita Mtwapa, na nikifika Mavueni nakata kushoto kupanda Kaloleni. Kuanzia hapo barabara inapinda, inapanda na kushuka katikati ya minazi, mpaka Rabai, kisha Mazeras ambako malori ya Nairobi yanakukaribisha tena duniani. Penye nyumba na watoto wa madrasa na wa kanisani naenda pole, hamsini ndiyo sheria na ndiyo akili. Penye uwazi, Swift hii inanipa kitu ambacho WRX isingenipa kwenye barabara ileile: naitumia injini yote. Gia ya pili, ya tatu, sindano inapanda mpaka juu, usukani umekaza, na bado sijavunja sheria. Gari la farasi mia tatu ningeliendesha kwa robo ya uwezo wake, nikiogopa bodaboda inayotokea kwenye kona.

Nimeshauriwa sana kulishusha springi. Sitaki. Wenye kupita Likoni wanajua: maji yakipwa, mteremko wa kuingia feri unakuwa mkali, na bampa ya chini inasaga. Siku hizi nikienda Diani napita barabara ya Dongo Kundu, isiyo na feri, lakini matuta yako kila mahali na urefu wa kiwandani unatosha.

Na kuna jambo la kuosha ambalo nawaomba mlishike. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi. Ukilipeleka gari kwenye kosheo linalotumia maji ya kisima, umelipaka chumvi ile uliyokuwa ukiikimbia, tena chini, kwenye vichochoro visivyokauka. Mimi naosha nyumbani, chini kwanza, kwa maji ya mvua niliyoyakinga kwenye tangi au ya bauza nikiwa nimeyaonja. Likishakauka kabisa napuliza nta ya chasisi ndani ya kingo kupitia matundu yale ya kutolea maji, mpaka ianze kudondoka.

Ile laki moja ya matengenezo imekwenda kwenye tairi nne za 195/50 za inchi 16, oili ya injini na ya gia, na bushi za mbele. Kukwaruza kwa gia ya pili kumepungua sana kwa oili mpya. Kilichobaki ni diski za breki za nyuma, zimeanza kufanya ukingo. Zinatoka Nairobi na basi la usiku, fundi amenipa nafasi Jumamosi asubuhi. Zikifungwa, Jumapili naelekea kusini, Msambweni mpaka Ramisi na kuingia Shimoni, na safari hii mama watoto amesema anakuja.