Siku moja maishani mwangu: kuhudumia wazee London kwa gari la dizeli

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, Jumatano ya Januari. Nje giza, kioo cha gari kimeganda, nami nakwangua barafu kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, sare ndani, makoti mawili juu. Nyumbani Tanga wakiniuliza nafanya kazi gani nasema kea. Wanajibu, "Aah, kuosha wazee," kisha wanahamia kwenye habari za ada ya shule. Leo nawaandikia siku nzima, ili mwenye kusema tena aseme akijua.

Kazi yangu ni kwenda nyumba kwa nyumba. Naamsha mtu, namwogesha, namvalisha, namsimamia anywe dawa, nampa chai na mkate, naandika kwenye simu nilichofanya, natoka. Ziara nyingi ni nusu saa, nyingine robo saa. Wakala aliyeniajiri analipa dakika nilizokuwa ndani ya nyumba ya mzee. Za barabarani ananipa peni 35 kwa maili, basi. Bila gari kazi hii hufanyi, maana kutoka Elm Park kwenda Rainham, mitaa ya huku kwetu mashariki mwa London, kwa basi alfajiri ni kumchelewesha mtu aliyelala na nepi iliyolowa tangu usiku.

Gari lenyewe ni la mwaka 2012, dizeli. Lilikuwa la shemeji, akaniachia alipohamia Leicester. Tanga ungeliandikisha leo lingetoka na namba mpya za E na majirani wangekuja kukupongeza. Hapa ni gari chafu kwa mujibu wa sheria. Dizeli inatakiwa iwe na kiwango cha Euro 6, kipimo cha Ulaya cha usafi wa moshi, yaani kwa kawaida magari yaliyosajiliwa kuanzia Septemba 2015. Petroli inatosha Euro 4, ambayo ni magari ya tangu 2006 hivi. Jirani yangu ana Toyota ya petroli ya 2006, mlango mmoja umefungwa kwa utepe wa gundi, na halipi hata peni. Langu lina miaka sita pungufu ya lile, na kila siku ninayoliendesha nadaiwa pauni 12.50.

Hiyo ndiyo ULEZ, tozo ya London kwa magari yenye moshi mchafu. Ilianza Aprili 2019 katikati ya jiji tu, ikapanuliwa Oktoba 2021, na tarehe 29 Agosti 2023 ikafika manispaa zote za London, hata huku kwetu mashariki kabisa. Dada yangu wa Birmingham naye ana tozo yake, pauni 8, lakini ni mpaka aingie katikati ya mji. Mimi naishi ndani ya eneo. Nikitoa gari mlangoni nikaendesha hadi kona, kamera ikanisoma namba, siku imeshahesabiwa. Ukienda kilomita mbili ni 12.50, ukizunguka London nzima kutwa ni 12.50. Kima cha chini cha mshahara Aprili 2025 kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa, na wakala wangu hakupanda sana juu ya hapo. Kwa hiyo saa ya kwanza ya siku si yangu, ni ya gari. Watanzania tunajua tozo, tulikatwa hadi kwenye miamala ya simu, lakini hii ya kulipa ili uende kazini sikuwahi kuiona.

Saa kumi na mbili mpaka saa tano asubuhi ni mfululizo, sitawachosha nao. Mabibi watatu, wanandoa wawili waliooana kabla mimi sijazaliwa na bado wanagombania rimoti, na baba mmoja wa kunyanyuliwa kwa mashine, ambapo lazima tuwe wahudumu wawili. Mwenzangu ni mama wa Kighana, na tukishika kamba za ile mashine hatuna haja hata ya kusemezana.

Nitawasimulia mmoja tu wa asubuhi, mzee wa Elm Park ambaye namwita Babu na amezoea. Alifanya kazi kiwanda cha Ford pale Dagenham zaidi ya nusu ya maisha yake. Magari yaliacha kuundwa pale mwaka 2002, zikabaki injini za dizeli, naye alistaafu akiwa upande wa injini. Sasa ana mrija wa oksijeni puani, na mtungi unamfuata mpaka chooni. Kila asubuhi nikimpaka mafuta miguuni ananiuliza, "Umeshawalipa leo?" Nikisema bado, anacheka mpaka anakohoa. Anasema zamani serikali yenyewe iliwahimiza watu wanunue dizeli, na ni kweli: kodi ya magari ilibadilishwa 2001 ikafuata kiwango cha kaboni, dizeli ikawa nafuu, watu wakazikimbilia. Kuhusu mapafu yake hamlaumu mtu. "Ni sigara," anasema. Lakini dirisha la upande wa barabara halifungui kamwe, na siku magari yakisongamana pale nje naiona tofauti kwenye kifua chake kabla sijatazama kipimo.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Siko pamoja na wale wanaoipinga tozo kwa kukata nguzo za kamera usiku. Kule Lewisham kulikuwa na mtoto, Ella Adoo-Kissi-Debrah, akiishi karibu na barabara kubwa ya South Circular, pumu ikamuua Februari 2013 akiwa na miaka 9. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akaandika kwamba hewa chafu ilichangia, na kwa Uingereza ilikuwa mara ya kwanza kuandikwa hivyo. Mimi ni mzazi, siwezi kusoma habari ile nikasema tozo yote ni wizi. Ninachouliza ni kwa nini bili ya hewa hiyo imenikuta mimi na sare yangu, ilhali aliyeweza kununua gari jipya ameshatoka kwenye orodha. Ulikuwapo mpango wa kulipa watu waondoe magari ya zamani, hadi pauni 2,000 kwa gari. Ulifungwa Septemba 2024, na wakati huo gari bado lilikuwa la shemeji.

Saa tano hadi saa kumi jioni hakuna kazi wala malipo. Wengine hurudi nyumbani. Mimi huegesha kwenye maegesho ya duka kubwa, nakula wali wa jana kwenye kopo, nalala nimekunja shingo. Leo taa ya chujio la masizi iliwaka tena. Fundi amenieleza: dizeli inataka safari ndefu ili chujio lijichome na kujisafisha, na hizi safari zangu za dakika saba-saba ndizo zinazoliziba. Dawa yake ni kuipeleka barabara kuu ya A13 ukimbie nayo dakika ishirini bila kusimama. Ndivyo nilivyofanya, nikachoma mafuta ya bure kwenda na kurudi ili gari lisitoe moshi. Afadhali niligundua siku ambayo nilikuwa nimeshadaiwa.

Hapo ndipo simu ilipolia. Binti wa bibi wa Rainham.

Huyu binti, ambaye ana wajukuu wake mwenyewe, anaishi Brentwood, nje kidogo ya mpaka wa London. Kwa gari ni kama dakika ishirini na tano. Zamani alikuwa akija kwa mama yake mara kwa mara, anamletea supu, anamkata kucha. Tangu tozo ifike anakuja Jumapili, tena si kila Jumapili, kwa kuwa na yeye ana dizeli ya zamani. Supu sasa naipasha mimi, ya kopo. Alipiga kuniuliza kwa nini jana nilifika kwa mama yake saa tatu na dakika kumi na mbili badala ya saa tatu. Nikamwambia yule niliyetoka kwake alikuwa ametapika. Akasema anaelewa, lakini mama yake naye ni binadamu. Nikasema ndiyo mama. Akasema ameiona kwenye programu ya simu, kila kitu kinaonekana. Nikasema ndiyo mama. Akaniuliza kama nina kawaida ya kupitia dukani njiani. Hapo nilikaa kimya, maana jibu nililokuwa nalo lilikuwa la Kitanga. Akamaliza kwa kusema angekuja mwenyewe, ila gharama. Gharama! Mimi nailipa kila siku kwenda kwa mama yake.

Jioni niliianza na uchovu. Chakula cha jioni, vidonge, soksi za kubana zinazovunja kucha, mapazia. Sikumbuki sawasawa nani alifuata nani. Mvua ya barafu ilianza mahali fulani kati ya Hornchurch na Rainham.

Kwa yule bibi nilifika saa tatu kamili, nikajisifu moyoni. Nikafungua kwa ufunguo unaowekwa kwenye kisanduku mlangoni, nikaita, sauti ikatoka chooni. Alikuwa sakafuni, kati ya beseni na mlango, mkono mmoja umemlalia vibaya. Aliyeanguka haturuhusiwi kumnyanyua, huenda amevunjika nyonga na ukimvuta unamaliza kazi. Nikapiga 999. Wakaniuliza anapumua, anaongea, anatoka damu, wakasema gari la wagonjwa litakuja ila usiku ule ungekuwa mrefu. Nikamwekea mto, nikamfunika mablanketi mawili na koti langu moja, nikakaa kwenye kifuniko cha choo nikamshika mkono uliokuwa mzima. Akaniuliza kama nina watoto. Akaniuliza tena. Akaimba kidogo. Akaomba chai, na chai siruhusiwi kumpa, labda atapasuliwa.

Ofisi niliipigia kwenye namba ya dharura. Nikaambiwa nisimwache, na kwamba hawana mtu wa kunipokea. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu nikampigia binti.

Alishtuka kweli, alilia, siwezi kumsingizia. Kisha akanyamaza, na nikasikia anapiga hesabu. Akasema, akiondoka sasa hivi atalipa ya leo, na akirudi usiku wa manane atalipa na ya kesho, jumla pauni 25. Tozo inahesabu siku kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku. Sisi watu wa Pwani siku yetu inageuka magharibi, jua likizama tu imeshakuwa usiku wa Alhamisi, kwa hiyo kwa hesabu ya bibi yangu wa Tanga, mimi na yule binti tulikuwa tumeshaingia kesho tangu alasiri ilipokwisha. Kamera haijui hayo. Binti akasema, "Nitakuwa hapo baada ya saa sita." Akaniuliza, "Utakuwepo, sivyo?"

Nilikuwa nayo hesabu yangu. Kesho ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Gari likiegeshwa halidaiwi, linadaiwa likitembea. Ningetoka pale saa tano na dakika arobaini ningefika nyumbani Dagenham kabla ya saa sita, na Alhamisi ningelala bure. Nikimsubiri yeye aokoe 12.50 yake, 12.50 hiyohiyo nailipa mimi. Nilimwambia hivyo, kwa upole, kwamba mimi pia nina dizeli. Akasema, "Lakini ninyi si mnarudishiwa na kampuni?"

Sikumjibu. Bibi alikuwa akinitazama kutoka sakafuni. Akasema, "Nenda nyumbani darling, mimi siendi popote." Tukacheka wote wawili, hata na ule mkono wake.

Saa sita na robo nikasikia gari barabarani, injini ya dizeli baridi inagonga vilevile kama yangu. Binti akaingia na nguo za kulalia chini ya koti, akapiga magoti pale kwenye vigae akamkumbatia mama yake, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Aliniambia asante mara nyingi. Nikamweleza dawa zilizoliwa na zilizobaki. Gari la wagonjwa lilifika saa saba kasorobo, vijana wawili wapole na wachovu kuliko mimi. Nyonga ilikuwa salama, mkono umevunjika.

Kwenye gari nilikaa na ufunguo mkononi. Ningeweza kuliacha pale na kurudi kulichukua Ijumaa, zamu yangu inaanzia Rainham. Treni zilikuwa zimekwisha, teksi kwa saa ile ingezidi 12.50, na kwa miguu hadi Dagenham, na ile mvua ya barafu, nilijua sitafika. Nikawasha. Alhamisi ikalipwa kwa kilomita kama sita.

Nilikuwa sijavua viatu ujumbe wa ofisi ulipoingia: mhudumu wa Hornchurch ameumwa, nani anaweza kushika asubuhi yake, kuanzia saa kumi na mbili na nusu? Siku nyingine ningezima simu. Nikatazama saa, nikafikiria gari pale nje, bado lina joto na siku yake imeshadaiwa. Nikaandika: nitakuja, lakini si kabla ya saa mbili.