Sahani Iliyofunikwa Kawa

Siku 9 kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama nilipima sukari asubuhi, sijatia kitu kinywani tangu usiku. Jibu likatoka 6.6. Muuguzi akaliandika kwenye kadi yangu, kisha akanieleza taratibu: mtu akiwa hajala, inatakiwa iwe chini ya 6.1. Ikifika 7, na kipimo cha pili kikaonyesha vilevile, hapo ni kisukari. "Wewe uko katikati, dada. Bado unaweza kurudi."

Neno lile la kurudi lilinikaa moyoni, kwa sababu mama yangu hakuwahi kuambiwa. Yeye aligundulika macho yameshaanza kufifia. Miaka michache baadaye alikanyaga kigae hapa hapa uani kwetu Ngamiani, asisikie maumivu yoyote. Sukari ikikaa juu muda mrefu hufisha mishipa ya fahamu ya miguu, na damu nayo haifiki vizuri kule chini. Sisi ndio tulioona alama za damu kwenye sakafu, kutoka jikoni hadi chumbani, na yeye amekaa kitandani anasuka ukili wake hana habari. Kidonda kile kilimla vidole viwili. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuosha mguu ule kila asubuhi, kwa hiyo mtu asiniambie kuwa sukari ni ugonjwa wa kawaida tu siku hizi.

Nikaweka nia: mwezi mzima, mpaka Idi ipite, sili kitu kilichotiwa sukari. Kaimati, visheti, vileja, kashata, halua, tambi za sukari, soda, na sukari ya kwenye chai.

Aliyekulia Tanga anajua nilichojitwisha. Asiyetujua hudhani Ramadhani ni mwezi wa njaa tu, kumbe ndio mwezi wa vitamu. Ukipita mitaa ya Ngamiani baada ya alasiri, karai za mafuta zimeshatengwa, na harufu ya iliki inakufuata kutoka barabara moja hadi nyingine.

Nilidhani kazi itakuwa na ulimi. Ulimi ulinisumbua siku tano au sita, hasa kwenye chai ya kufungulia. Nikaizidishia tangawizi na mdalasini, na kufika kumi la pili la mwezi nilikuwa naisikia ladha ya majani yenyewe, jambo ambalo sikulijua tangu utotoni. Kazi hasa ilikuwa na sahani.

Kwetu magharibi ikikaribia watoto wanapishana mlangoni na sahani zilizofunikwa kawa. Jirani wa kushoto ana visheti, wa kulia ana vibibi, shangazi yangu wa nyuma ana kaimati. Sahani hairudishwi tupu, nawe unaweka chako. Ndivyo tunavyojuliana hali. Katika sahani ile mtu amekuwekea mikono yake na mchana wake mzima wa saumu, na usipoionja umemwambia neno zito kuliko matusi.

Wiki ya kwanza niliwapa watoto kila kilicholetwa, nikanyamaza. Siku ya nane shangazi akaja mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanao kaniambia huzionji kaimati zangu. Nimekukosea nini?"

Nikamketisha kwenye mkeka. Nikamwambia, shangazi, unaukumbuka mguu wa wifi yako? Nikamwonyesha kadi. Hajui kusoma tarakimu zile za hospitali, lakini aliishika muda mrefu, akaigeuza, akanirudishia. Akasema, "Basi niambie nikuletee nini, maana kuleta nitaleta."

Kesho yake akaleta changu wa kupaka, tui zito na ukwaju. Nilikula mpaka mifupa.

Usiku ule nilijuta kuwa nilikaa siku saba nikijificha. Nilimdhania kuwa hataelewa, na yeye alichotaka ni njia tu ya kunitunza.

Niseme pia habari ya shira, maana ndiyo iliyonifumbua macho. Siku moja nilikaanga kaimati kwa ajili ya wanangu, nikataka kujua ninawapa nini. Nikakichukua kikombe cha sukari ninachopikia shira siku zote, nikakimwaga kwenye sinia na kukihesabu upya kwa kijiko cha chai, kila kijiko nikikipiga sawa kwa kisu. Vikatoka vijiko 48. Nikatia maji nusu kikombe na iliki, nikakoroga mpaka ikavuta uzi, nikazitumbukiza kaimati zangu 40, zikainywa yote. Chini ya sufuria ikabaki ukoko mwembamba tu. Kila kaimati moja, basi, imebeba zaidi ya kijiko kizima, mbali na unga wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba mtu mzima angefaidika akiishia kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, nayo ni vijiko sita. Yaani kaimati tano, na hujagusa chai. Mimi nilikuwa nazila kumi nimesimama, kabla sijaketi kwenye futari.

Soda nayo. Mimi ni mshonaji, na kumi la mwisho cherehani yangu hailali, kila mtu anataka nguo ya Idi. Miaka yote nilikesha kwa soda mbili. Chupa ya kola ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, vijiko tisa. Safari hii nilikesha kwa maji na karanga, na macho hayakufunga zaidi ya miaka mingine.

Kuna mahali nilikosea, na ningependa mwenzangu asirudie. Nilipoacha vitamu nikajaza pengo kwa futari: bakuli kubwa la muhogo wa nazi, na viazi vitamu juu yake. Nilipopima tena katikati ya mwezi, namba haikuwa imesogea. Muuguzi akaniuliza nakula nini, akasikitika kidogo: wanga nao huishia kuwa sukari mwilini. Hata tende, nilizozihesabu kuwa dawa kwa sababu ni sunna, zina sukari nyingi. Nikabaki na tende tatu, muhogo vipande viwili, kisha samaki, mchicha na maharage mpaka nishibe.

Mama hakufunga. Anatumia insulini, daktari wake alimkataza, naye hutoa fidia ya kibaba cha mchele kwa kila siku. Kila mwaka huona haya kula mchana, hujifungia chumbani. Mwaka huu nilikuwa namwekea chakula chake barazani, kwenye upepo, nikaketi naye huku nimefunga. Wewe unayetumia insulini au vidonge vya sukari, nakuomba, nenda kwa daktari kabla mwezi haujaandama, usipange saumu peke yako. Sukari ikishuka ghafla mchana, inaweza kuua kabla ya magharibi.

Idi ilikuja. Nikapika pilau, nikaoka vileja vya wageni na watoto waliokuja kuomba mkono wa Idi, mimi sikuvigusa. Wiki iliyofuata nikapima: 5.9. Nilimpigia mama simu nikiwa bado kwenye benchi la kliniki. Hakusema kitu, nilimsikia akilia.

Sahani ya shangazi iko kwangu bado, ile ya bluu yenye ufa ukingoni. Ijumaa nitampelekea na bajia za kunde, nimeshaloweka.