Ramadhani ya Kizunguzungu

Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia mwezi wa Juni, na sisi wanawake wa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, tulikuwa tukisali tarawehe uani kwa jirani. Usiku mmoja nilisujudu, paji la uso likagusa mkeka, na mkeka ukaondoka. Mistari yake ilikimbia upande mmoja, ikarudi, ikakimbia tena. Giza la macho la njaa nalijua, nimefunga tangu utotoni. Hili halikuwa hilo. Nilikuwa naona vizuri kabisa, ila nilichokiona kilikuwa kinazunguka. Nikaushika mkeka kwa vidole mpaka ikapita. Rakaa iliyofuata ikarudi.

Usiku ule kitandani ndipo nilipoogopa hasa. Kila nikijigeuzia kulia, chandarua kilizunguka juu yangu na kitanda kikapinduka. Nikitulia bila kujitikisa, kwa muda usiofika dakika, kila kitu kilirudi mahali pake. Nikijigeuza tena, yale yale.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wangu. Mama alisema ni saumu, futari yenyewe naila kama ndege. Jirani alisema presha. Shoga yangu alisema mimba, huku akicheka. Mmoja, sitamtaja, alininong'oneza kwamba nimechezewa na akanielekeza kwa mganga. Zahanati malaria haikuonekana na presha ilikuwa sawa, nikapewa vidonge ambavyo kazi yake niliyoiona ilikuwa kunisinzisha mbele ya wanafunzi wangu.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba kujua hakukunisaidia kitu. Ukuta wa chumba chetu niliuona ukijengwa, tofali kwa tofali, najua hauendi popote. Lakini unapozunguka, unazunguka. Akili inasema tulia, na mkono tayari umeshika fremu ya mlango.

Kaka yangu anayeishi Dar akanitafutia daktari wa masikio, pua na koo. Mama hakumwelewa. "Kichwa ndicho kinachozunguka, mwanangu, huko sikioni unafuata nini?" Nami sikuwa na jibu. Nikapanda basi la asubuhi nikiwa na hofu ya safari nzima, Segera mpaka Chalinze mpaka Ubungo, na ajabu ni kwamba basi halikunifanya lolote. Lilikwepa mashimo, likapiga breki, likaruka matuta, nami nimekaa wima, mzima kabisa. Niliinama mara moja tu kuokota kanga iliyoanguka, nikajuta.

Daktari alikuwa mama wa makamo. "Shikamoo daktari." "Marahaba. Kinakuja ukifanya nini?" Tangu nianze kuugua hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, wote waliuliza nimekula nini. Nikamwambia: nikisujudu, nikijigeuzia kulia, nikitazama juu ya kabati. Akaniuliza kinakaa muda gani, nikamjibu hakifiki dakika. Akatabasamu kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

Alinikalisha kitandani, akanigeuza kichwa kidogo kulia, akanilaza kwa haraka mpaka kichwa kikaning'inia ukingoni mwa kitanda. Sekunde chache hakukuwa na kitu. Kisha dari likaanza. Nilipiga kelele, naye hakunijali. Alikuwa ameinamia macho yangu. "Yanacheza," akasema. "Chumba kimetulia. Ni macho yako yanayokimbia, na yanaamrishwa na sikio."

Akanieleza tukiwa bado katika hali ile. Ndani sana ya sikio kuna mifereji mitatu iliyojipinda, imejaa majimaji, kila mmoja umeelekea upande wake, ili kichwa kikigeuka vyovyote vile, angalau mmoja ujue. Kichwa kikizunguka, majimaji huchelewa nyuma na kusukuma vinyweleo vidogo, na macho hupewa habari ili tusione dunia ikiyumba kila tunapotembea. Ndiyo maana watoto wakizunguka uwanjani kisha wakasimama ghafla, uwanja unaendelea kuzunguka: majimaji hayajasimama bado. Pembeni mwa mifereji kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo sana vya kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kinachojenga matumbawe. Uzito wa vijiwe hivyo ndio unaotuambia chini ni wapi, na kwamba gari limeondoka au limefunga breki. Gari likishika mwendo mmoja katika barabara iliyonyooka, hunyamaza.

Vyangu vingine vilikuwa vimebanduka na kuingia kwenye mfereji wa sikio la kulia. Kila nikilala au kuinama vinashuka kwa uzito wake, vinavuta majimaji, na sikio linatoa taarifa ya mzunguko ambao haupo.

Dawa yake haikuwa kidonge. Alisubiri dari litulie, akanigeuza kichwa kushoto, akasubiri, akanigeuza mwili mzima upande huo huo mpaka uso ukatazama sakafu, akasubiri tena, akaninyanyua. Alikuwa anavizungusha vijiwe hivyo mpaka vitoke mferejini. Aliyebuni njia hiyo ni daktari Mmarekani aitwaye John Epley, aliyeichapisha mwaka 1992, na nasikia wenzake walimwona wa ajabu. Siwalaumu. Ningeelezwa hivyo kabla ya kupona, ningeona heri ya yule mganga.

Akanilaza tena kulia kunijaribu. Nikajikaza, nikashika shuka, nikangoja dari liondoke. Halikuondoka. Miguu ilikuwa kama ya kuazima hadi kesho yake, lakini usiku ule nililala kulia, kushoto na chali, kwa makusudi, nikijigeuza bila sababu mpaka wifi akagonga mlango kuuliza kama kuna kunguni.

Daktari alinionya kwamba kinaweza kurudi, na kweli kilirudi, miaka kadhaa baadaye. Safari hii sikwenda Dar. Nilikuwa na karatasi yake yenye picha za mikao, nikampa mume wangu ashike kichwa. Alisimama ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, akihesabu sekunde kwa sauti kama refa, na kila chumba kilipozunguka nikamfinya mkono, akaniuliza, "Bado?" nami nikamjibu, "Bado, usiniachie."

Mama alikuwa mlangoni akitutazama. Tulipomaliza aliniuliza kama vijiwe vikishatoka vinadondokea wapi, maana alikuwa amefagia asubuhi.