Siku Moja Maishani Mwangu: Kuifungia Bunduki Vilengeo vya Chuma, Malindi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Karakana ninayofanyia kazi iko nyuma ya duka la muuza silaha mwenye leseni, hapa Malindi, na kazi yangu ya kwanza baada ya sala ya alfajiri ni kupitisha kitambaa chenye mafuta mepesi juu ya kila chuma kilicholala nje ya sefu. Majira ya kusi upepo huileta chumvi ya bahari hadi ndani ya droo zilizofungwa, na tupa iliyoachwa wazi usiku mmoja huamka na madoa. Wateja wengi hudhani adui wa bunduki ni mchanga. Kwa watu wa pwani adui ni hewa yenyewe.

Saa moja na nusu ninapata mahamri kwa mbaazi na chai ya tangawizi, kisha ninafungua mlango.

Saa mbili asubuhi

Mteja wa leo ni mzee mfugaji kutoka upande wa Galana, mwenye ng'ombe walio karibu mno na nyati na simba kuliko mtu yeyote wa mjini angependa. Bunduki yake ni ya bolti, yaani komeo la chuma linalovutwa kwa mkono kabla ya kila risasi, ya mtindo wa Mauser 98, na inapiga risasi ya .375 H&H Magnum, ambayo Holland & Holland, watengenezaji wa bunduki wa Uingereza, waliitoa mwaka 1912 na ambayo hadi leo wengi huihesabu kuwa ya wastani kwa wanyama wakubwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya uwindaji, lakini hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mzee haendi nayo kuwinda. Anayo kwa leseni, kwa sababu ya boma lake na watu wake.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote ninaifungua bolti, ninatazama ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa, kisha ninaingiza kidole kidogo, kwa kuwa jicho hudanganyika na kidole hakidanganyiki. Baadaye ninalinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na namba iliyo kwenye cheti chake, na kuiandika katika daftari la duka kama Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inavyotaka. Mzee analijua zoezi hili na anakunywa maji yake bila haraka.

Shida yake ni hii: mtutu ulitoka kiwandani ukiwa laini tangu mwanzo hadi mwisho, bila chuma chochote cha kulengea, kwa sababu aliyeutengeneza alikusudia mnunuzi atumie darubini peke yake. Darubini ya mzee imeingiwa na unyevu, na asubuhi yenye umande vioo vyake huwa vyeupe kwa ndani. Isitoshe, mnyama anapotoka kichakani kwa hatua ishirini, darubini humwonyesha mtu manyoya matupu asijue anatazama bega au paja.

“Fundi,” akaniambia, “nataka kitu nitakachokiona bila miwani.”

Saa tatu asubuhi

Neno lake hilo la miwani ndilo lililoamua kazi nzima. Mtu aliyevuka miaka hamsini hawezi tena kuliona vizuri jambo lililo karibu na uso wake, na kilengeo cha nyuma chenye mwanya wa herufi V, kilichowekwa katikati ya mtutu, kinamtaka aone vitu vitatu kwa pamoja: mwanya, kilengeo cha mbele na mnyama. Jicho la kijana hurukaruka baina ya vitu hivyo upesi kiasi kwamba hata mwenyewe hajui kama linaruka. Jicho la mzee huupoteza mwanya, ukawa ukungu. Kwa hiyo nilimshauri tufunge kilengeo cha nyuma chenye tundu la mviringo, tukiweke nyuma kabisa juu ya mwili wa bunduki, pale bolti inapopita. Tundu halitazamwi, mtu hutazama kupitia ndani yake, na jicho lenyewe hujiweka katikati bila kuambiwa. Kwake yeye nilichagua tundu la milimita 5, pana kuliko lile la wapiga shabaha wa mashindano, kwa sababu anahitaji wepesi na mwanga wakati wa magharibi kuliko usahihi wa nywele.

Faida nyingine ni kwamba sehemu hiyo ina matundu ya skrubu tayari, yaliyotobolewa kwa ajili ya darubini. Sipendi kabisa kutoboa mtutu pale ambapo hakuna ulazima, na ninapoona bunduki ya zamani iliyotobolewatobolewa na kila fundi aliyewahi kuishika, huwa ninaifunga na kuirudisha.

Hatua inayofuata watu wengi huiruka. Nilimwomba mzee asimame, afumbe macho, aipandishe bunduki begani kama anavyofanya shambani, aliweke shavu lake mahali panapompendeza, kisha afumbue macho. Pale jicho lilipojikuta ndipo chuma kinapopaswa kuwa. Kitako hiki kilichongwa kwa ajili ya darubini, na mgongo wake uko juu, hivyo mzee alijikuta anatazama juu ya tundu la majaribio nililolishikiza kwa nta. Ningeweza kuchukua randa na kuupunguza mgongo wa kitako, na mafundi wengi ndivyo wanavyofanya, lakini mti ukikatwa haurudi, na siku mzee akinunua darubini nyingine shavu lake litaning'inia hewani. Nikaona ni afadhali kuinua chuma. Niliongeza vipande vyembamba vya mbao chini ya tundu, kimoja baada ya kingine, huku yeye akifumba na kufumbua, hadi aliposema, “Hapo.” Nilipima: milimita 25 kutoka mstari wa katikati ya mtutu.

Saa nne asubuhi

Hesabu haina ubishi. Umbali baina ya kilengeo cha nyuma na cha mbele katika bunduki hii ni milimita 760. Mzee anataka bunduki ipige pale anapolenga kwa mita 50. Risasi yake ya gramu 19.4, inayotoka kwa mwendo wa takriban mita 770 kwa sekunde, hushuka kiasi cha sentimita 2 katika umbali huo. Ukijumlisha mshuko huo na ile milimita 25 iliyo baina ya jicho na mtutu, utaona kwamba mtutu lazima utazame juu kidogo kuliko jicho, na kwa kipimo cha bunduki hii “kidogo” hicho ni milimita 0.7. Hivyo kilengeo cha mbele kinatakiwa kiwe milimita 24.3 juu ya mstari wa katikati, na ukitoa nusu ya unene wa mtutu kwenye mdomo wake, ambayo ni milimita 8, inabaki 16.3.

Lakini sikukikata kwa 16.3. Nilikiacha kirefu kwa milimita 1.5 zaidi, kwa makusudi. Kilengeo cha mbele kikizidi urefu, risasi hupiga chini, na dawa yake ni tupa; kikipungua, risasi hupiga juu, na dawa yake ni kutengeneza kingine. Kila milimita moja hapa ni sentimita 6.6 kwenye shabaha ya mita 50, na hakuna hesabu ya mezani inayojua namna mtutu huu unavyotikisika risasi inapopita.

Kilengeo chenyewe nilikichonga juzi: kipande bapa chenye kichwa cha mraba, upana wa milimita 2.5, ambacho machoni pa mzee kitaziba karibu sentimita 14 za mnyama aliye mita 50, kiasi kinachotosha kuonekana upesi bila kumficha. Zamani vichwa hivi vilipambwa kwa pembe za ndovu ili vionekane kwenye kiza. Leo hilo ni kosa la jinai, na mimi hutumia shaba ya njano. Shaba nayo ina hila yake: ukiiacha ya mviringo, jua la upande mmoja huangaza shavu moja tu la kile kichwa, jicho likadhani hapo ndipo katikati, na risasi ikaenda upande ulio mbali na mwanga. Ndiyo maana uso wake ninaukata bapa kabisa na kuulaza kidogo utazame juu, uchukue mwanga wa mbingu badala ya mwanga wa jua la pembeni.

Saa tano asubuhi

Kilengeo hukaa juu ya tuta dogo la chuma, na tuta ndilo linalolehemiwa kwenye mtutu. Bunduki ya .375 inaporudi nyuma kwa nguvu yake, kila kitu kilicho juu ya mtutu hutaka kubaki pale kilipokuwa, na skrubu peke yake hulegea au kukatika. Kwa hiyo tuta hushikwa na skrubu moja fupi pamoja na lehemu chini yake lote.

Niliifunga bunduki kwenye jiliwa lenye ngozi, nikalaza pima maji juu ya sehemu bapa ya mwili wake hadi kiputo kikatulia katikati, kisha nikaliweka tuta na kulipima kwa pima maji ya pili. Kosa la nyuzi moja hapa halionekani mezani, ila jicho la mpigaji huliona na mkono wake huinamisha bunduki ili kulirekebisha, bila yeye kujua. Niliusugua mtutu kwa msasa mahali pa tuta tu, nikapaka dawa ya kulehemu, nikapaka bati pande zote mbili, na kuzunguka ukingo nikachora kwa penseli nene, kwa sababu lehemu haishiki palipopita penseli.

Ninatumia lehemu laini ya bati na madini ya risasi, inayoyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi. Wapo wanaopenda ile ya fedha kwa kuwa ni ngumu zaidi, lakini hiyo hutaka nyuzi zaidi ya 600, na joto kama hilo kwenye mdomo wa mtutu, mahali ambapo risasi huagana na bunduki, mimi silikubali. Moto niliuweka kwenye tuta, si kwenye mtutu, nikausogeza polepole hadi uzi mwembamba unaong'aa ukatokea kwenye ukingo wote. Hapo moto huondolewa, na mikono hutulia hadi lehemu igande yenyewe. Kuipoza kwa maji ni kuikaribisha nyufa.

Saa saba mchana

Sala ya adhuhuri, kisha wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa jirani. Chuma kinapoa.

Saa tisa alasiri

Katika uwanja wa kulengea ulioidhinishwa, nje ya mji, mpigaji ni mzee mwenyewe. Mimi ningeweza kuirekebisha kwa jicho langu, lakini ingekuwa bunduki yangu. Tuliweka mifuko ya mchanga, tukaanza kwa mita 25, mahali ambapo hata bunduki iliyokosea sana haikosi karatasi. Risasi tatu zilikaa pamoja, sentimita 6 hivi chini ya alama na kidogo kulia. Kwa mita 50 zilikuwa sentimita 10 chini na 4 kulia, na nilifurahi, kwa maana ndivyo ile milimita 1.5 ya ziada ilivyoahidi.

Kulia na kushoto hurekebishwa nyuma: kilengeo cha nyuma husogezwa upande ule unaotaka risasi iende. Nilikisogeza kushoto kwa milimita 0.6. Juu na chini ilibaki kwa tupa, kwa sababu kilengeo hiki cha nyuma hakina skrubu ya kupandisha, na nilikitaka hivyo hivyo. Skrubu ya kupandisha ni kitu kimoja zaidi cha kulegea ndani ya gari la shamba. Niliondoa milimita moja, mzee akapiga tatu, zikapanda. Tukangoja mtutu upoe, kwani mtutu wa moto husema mambo mengine. Nikaondoa sehemu ndogo ya milimita, akapiga, nikaongeza mapigo machache ya tupa laini sana, akapiga mara ya mwisho. Sasa zilikuwa juu ya alama, zote ndani ya upana wa kiganja.

“Na mita mia?” akauliza.

“Sentimita mbili chini, mzee wangu. Usibadilishe chochote, lenga kama kawaida.”

Alijaribu mwenyewe, akarudi na karatasi akitikisa kichwa. Bega lake lilikuwa limechoka kuliko alivyotaka kukiri.

Saa kumi na mbili jioni

Tuliporudi nilisafisha mtutu, nikatoa mafuta yote kwa spiriti, na kuziba mdomo na chemba kwa vizibo vya mti. Chuma kilichosuguliwa kiko uchi, na huku kwetu hakitavumilia. Njia ya haraka ya kukitia weusi ni birika la chumvi kali za moto, lakini chumvi hizo hula lehemu laini hadi tuta likang'oka, kwa hiyo ninatumia kutu yenyewe: dawa hupakwa, chuma huachwa kwenye unyevu hadi kipate kutu nyekundu, kisha huchemshwa kwenye maji safi, kutu ikageuka nyeusi, na unga wake ukasuguliwa kwa sufu ya chuma. Huo mzunguko hurudiwa mara kadhaa. Maji yanayochemka ni nyuzi 100 tu, na lehemu haina habari nayo. Mafundi wa nchi kavu hujenga makabati ya mvuke kwa kazi hii. Mimi ninafungua dirisha la chumba cha silaha, lenye nondo, na kusi linanifanyia kazi bure.

Saa mbili usiku nilipaka mkono wa kwanza wa dawa, nikaitundika bunduki, nikafunga sefu na mlango, na kuandika kwenye daftari kazi iliyofanyika na risasi zilizotumika. Mzee alipiga simu kutoka nyumba alikofikia, akitaka kuichukua kesho ili awahi gari la asubuhi. Nilimwambia haitawezekana kabla ya wiki kwisha. Akalalamika juu ya fisi, nikamwambia fisi wake wamngoje, akacheka na kuniuliza bei ya darubini mpya isiyoingia maji.