Kunyonga baiskeli bila kutoka sebuleni

Masika ya Tanga mnayajua. Siku hizi ukitoka na baiskeli kwenda Raskazone alfajiri, unarudi umeloa chapachapa.

Sasa leo jioni nimepita kwa jamaa mmoja Ngamiani, muuza vifaa vya baiskeli vya mtumba. Ana stendi mbili za mazoezi, zile ambazo wenzetu wa Ulaya wanafungia baiskeli na kunyonga ndani ya nyumba theluji ikianguka; tairi la nyuma linazunguka juu ya rola, wewe huendi popote.

Moja ya sumaku: ina waya wa kupandishia ugumu kwa mkono.
Nyingine ya mafuta: ukizidisha kasi, inakuwa nzito yenyewe, na kelele yake ni ndogo.

(Zipo na zile unazovua gurudumu la nyuma kabisa, mnyororo unakaa kwenye mashine. Bei yake tuiache.)

Nikapanda ya mafuta.

Jamani, joto! Barabarani upepo unakupoza bila wewe kujua. Pale umeganda sehemu moja, jasho linatoka puani, tone kwa tone, linatua kwenye usukani. Feni ya dukani imemwelekea mwenye duka.

Kuchungulia chini: vumbi jeusi la mpira limeshaanza kujikusanya nyuma ya tairi.

Mwenye duka akaniambia: "Kaka, tairi la meno litakwisha hapa. Tafuta lile laini, lisilo na meno."

Nimeipenda hiyo ya mafuta, maana jirani wa chini ana mtoto mchanga. Bei bado tunavutana.

Nani anayo? Tairi linadumu? Na umeme ukikatika, bila feni mnafanyaje?